Gari la Kukodi na Mtu Aliyekodiwa Nalo

Mwaka jana idara yetu ilipokea wageni wawili, wanahistoria wa miji kutoka chuo kikuu kimoja cha Ulaya, waliotaka kuutembelea moyo wa Dar es Salaam kwa siku mbili na kuongeza siku moja ya kwenda Bagamoyo na kurudi. Nilipewa jukumu la kutafuta gari. Dalali mmoja wa jirani na Mnazi Mmoja alinitumia bei kwa ujumbe mfupi wa simu: Noah, siku tatu, mafuta na dereva ndani. Nilimjibu kwamba tumekubali, kisha nikabaki nikilitazama lile neno la mwisho. Katika Kiswahili cha biashara, kitu kikiwa "ndani" maana yake ni kwamba bei yake haiulizwi peke yake. Mafuta yalikuwa ndani, na binadamu alikuwa ndani.

Mgeni anayekodi gari London au Chicago hupewa ufunguo. Anayekodi gari Dar es Salaam, mara nyingi, hupewa mtu. Magari ya kujiendesha mwenyewe yapo, lakini si utaratibu uliozoeleka, na ukiuliza sababu utapewa nyingi: mitaa ya Kariakoo haina subira na mgeni, bima ina masharti yake, askari wa usalama barabarani wana maswali yao, mwenye gari hana imani na mikono asiyoijua. Zote ni sababu za kweli. Hata hivyo naona hazitoshi. Katika pwani hii, kwa zaidi ya karne moja na nusu, kukodi chombo cha safari kumekuwa ni kukodi watu, na mpaka leo hatujaamua kama watu hao ni wafanyakazi au ni sehemu ya chombo.

Tuanzie Bagamoyo, kwa kuwa ndiko wageni wengi wa siku moja wanakopelekwa. Kabla ya reli, mtu aliyetaka kwenda bara kutoka mji huo hakuwa na mnyama wa kumbebea mizigo. Mbung'o waliwaua farasi, ng'ombe na punda, na gurudumu halikuwa na njia ya kupita. Kilichosafirisha pembe, nguo, shanga na masanduku ya Wazungu kilikuwa ni bega la mwanadamu, na bega hilo lilikodiwa. Alikuwepo hata mkodishaji. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi mwenye maskani yake Bagamoyo, alijijengea utajiri kwa kuandaa misafara: aliwapatia wasafiri bidhaa na wapagazi, akiwemo Henry Morton Stanley, na baadaye aliwahudumia Wajerumani. Alifariki mwaka 1897. Wakazi wa Dar es Salaam wanalitamka jina lake kila siku bila kumfikiria, kwani hospitali iliyotokana na fedha zake imeacha jina la Sewa Haji katika wodi za Muhimbili.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wangu hushangaa kulisikia. Tumezoea kumdhania mpagazi kuwa mtumwa aliyefungwa mnyororo. Watumwa walikuwamo katika misafara, na ukatili wake haupaswi kupunguzwa hata chembe. Lakini utafiti wa wanahistoria, hasa wa Stephen Rockel, umeonyesha kwamba idadi kubwa ya wapagazi wa njia ya kati, Wanyamwezi wakiwa mbele, walikuwa watu wa ujira waliojua thamani ya kazi yao. Mzigo ulikuwa na kiwango kilichokubalika, karibu na frasila mbili, yaani takriban kilo 32. Msafara ulianza kabla ya jua kuchomoza na kwa kawaida ulipiga kambi kabla jua halijawa kali. Ujira ulipatanwa kabla ya kuondoka, na sehemu yake ilitangulizwa. Kiongozi wa msafara aliyejaribu kuzidisha mizigo au kukata chakula aliamka asubuhi akakuta marobota yamelala chini na watu wameondoka. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko juu ya "utoro" huo. Mimi ninayasoma malalamiko hayo kama taarifa za migomo.

Juu ya ujira kulikuwa na posho. Ilikuwa ni chakula cha siku, kipimo cha nafaka au kipande cha nguo cha kununulia chakula hicho njiani. Watumishi wa umma wanaonisoma wanalijua neno hilo vizuri kuliko mimi. Lakini angalieni mahali lilipokuwa: posho ilikuja pamoja na ujira, haikuwa badala yake.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati, ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ilionekana kana kwamba zama za bega zimekwisha. Kisha vita ikaja. Waingereza waliuteka mji huu Septemba 1916, na jeshi lao, lililokuwa likimfukuza Paul von Lettow-Vorbeck katika misitu isiyo na barabara, lilihitaji mabega kuliko wakati wowote uliotangulia. Safari hii hakukuwa na mapatano. Wanaume waliswagwa vijijini kwa nguvu, wakahesabiwa, wakapewa namba. Vifo vyao vilivyoandikwa rasmi vinazidi 40,000, na wanahistoria wanakubaliana kwamba idadi halisi ni kubwa zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, njaa, malaria na uchovu.

Jina la kikosi hicho kwa Kiingereza, Carrier Corps, liliposhindwa kukaa katika ndimi za watu likawa Kariakoo. Kambi ya wapagazi ilikuwa mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo lililokusudiwa kuwa soko, nje kidogo ya mji wa Wazungu na wa Wahindi. Vita ilipokwisha jengo likawa soko kweli, mitaa ikanyooshwa kuuzunguka uwanja ule, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa kati ya Uswahilini na Uhindini ili watu wasikaribiane. Nairobi nayo ina Kariokor yake, kwa asili ile ile. Kwa hiyo mtu anapomwambia dereva "nipeleke Kariakoo", anataja, bila kujua, kambi ya watu waliokuwa magari ya jeshi.

Wageni wangu niliwasimamisha kwanza pale kwenye sanamu ya Askari, katika makutano ya barabara ya Samora na ya Azikiwe. Wajerumani walikuwa wameweka hapo sanamu ya Hermann von Wissmann, Waingereza wakaiondoa, na mwaka 1927 wakamsimamisha askari wa shaba mwenye bunduki. Maandishi ya chini yake yaliandaliwa na Rudyard Kipling, nayo yanawataja wapagazi kama viungo vya mwili wa jeshi. Aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Mbebaji amepewa maneno.

Dereva wetu hakushuka. Hakukuwa na mahali pa kuegesha, na katikati ya mji gari lililoachwa kwa dakika kumi linaweza kurudiwa likiwa limefungwa mnyororo kwenye tairi. Alizunguka mara nne mpaka tukamaliza kusoma.

Enzi za Mwingereza ninazipita haraka, isipokuwa jambo moja. Mji wa miaka ya 1940 uliendeshwa na vibarua wa siku: makuli wa bandari, wasukuma mikokoteni, wabeba mizigo wa soko. Walichukuliwa asubuhi na kuachwa jioni. Septemba 1947 makuli wa bandari waligoma, na mgomo ukapanda reli ukaenea hadi mikoani. Walidai mshahara bora, lakini nyuma ya dai hilo lilikuwapo dai la kutambuliwa kuwa wafanyakazi wa kudumu wa kazi ambayo ilikuwa ya kudumu. Meli zilikuja kila wiki; kwa nini mpakuaji wake awe mgeni kila asubuhi? Swali hilo lingeweza kuulizwa leo, neno kwa neno, na dereva wa gari la kukodi.

Baada ya uhuru tulilijadili suala hili hadharani, na hapa Mlimani ndipo mjadala mkali zaidi ulipowashwa. Mwaka 1970 vijana wa tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU walianzisha katika gazeti la The Standard mjadala kuhusu utalii. Walihoji kama nchi inayojenga Ujamaa inaweza kuwafundisha watu wake kazi ya kuinama mbele ya mgeni. Waliojibu walisema nchi inahitaji fedha za kigeni, na kwamba kumhudumia mtu si kuwa mtumwa wake. Barua zilikuwa nyingi, na Issa Shivji alizikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Nimekifundisha mara kadhaa. Kinachonigusa kila ninapokirudia ni kwamba pande zote mbili zilimzungumzia mhudumu na dereva kama mfano wa hoja. Mishahara yao, saa zao za kazi na mikataba yao haikuwa kiini cha mjadala. Wasomi tulikuwa tukibishana juu ya heshima ya mtu huyo bila kumuuliza analipwa kiasi gani. Sina hakika kwamba tumebadilika sana.

Muongo huo ulikuwa wa tahadhari kubwa na gari binafsi. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limemkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni ya kibepari au nyumba za kupangisha. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam, DMT, ilitaifishwa mwaka 1970, na kufikia 1974 mjini kulikuwa na UDA na mikoani KAMATA. Bei ya mafuta ilipopaa mwishoni mwa 1973, serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Watu wa rika la wazazi wangu wanakumbuka barabara tupu za Jumapili, watoto wakicheza mpira katikati ya lami. Matembezi ya gari, yaani kwenda ufukweni au Pugu kwa sababu tu mtu anataka kwenda, yalikuwa yamekuwa suala la kitaifa.

Lilikuwa suala la kimataifa pia. Watalii wa Serengeti na Ngorongoro walikuwa wakichukua magari ya kukodi Nairobi, na madereva wa Nairobi, huku malalamiko upande wetu yakiwa kwamba vumbi linabaki Tanzania na fedha zinabaki Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka Februari 1977 na kuzuia magari ya kampuni za utalii za Kenya yaliyokutwa ndani. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Ilikuwa hoja halali kuuliza ni nchi gani inafaidi gari la kukodi. Lakini ndani ya nchi, kati ya mwenye gari na anayeliendesha, swali hilo halikupata msukumo huo.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1983 serikali iliruhusu daladala, ambazo zilikwisha kuwapo kinyemela kwa miaka. Mwaka 1984 milango ya kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu binafsi ilianza kufunguliwa, na magari yaliyotumika yakaanza kuingia bandarini. Februari 1991, huko Zanzibar, chama kililegeza masharti ya uongozi ya Arusha. Wanaojadili Azimio la Zanzibar huzungumzia vigogo na hisa. Mimi naona athari yake kubwa zaidi, kwa hesabu ya vichwa, ipo katika Corolla moja ya ofisa wa kawaida, mwalimu, nesi, karani wa halmashauri, au mhadhiri. Alikopa, akaagiza gari, akamkabidhi kijana, na kumwambia alete hesabu kila jioni.

Hesabu! Sidhani kama lipo neno lililoficha mambo mengi zaidi katika uchumi wa mji huu. Dereva humletea tajiri kiwango kilichopangwa, iwe mvua au jua. Kinachobaki baada ya mafuta, pancha na faini ndicho chake. Faini ya kosa la barabarani kwa kawaida hutoka mfukoni mwa dereva, hata kama kosa ni taa ambayo tajiri ameahidi kuibadilisha tangu mwezi uliopita. Akiugua, kazi hufanywa na deiwaka, ambaye hana hata ahadi ya kesho. Gari la kukodi kwa watalii na semina lina sura ya kistaarabu zaidi: badala ya hesabu kuna posho ya siku. Mpagazi wa Sewa Haji alipata ujira na posho. Huyu wa leo amebakiwa na posho peke yake.

Siku ya Bagamoyo tuliondoka hotelini katikati ya mji saa kumi na mbili asubuhi, ili tuwahi kabla ya msongamano wa Mwenge na Tegeta. Ni kama kilomita 70, barabara nzuri ya lami, ambayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa na vipande vya kumtesa msafiri. Tuliona magofu ya Kaole, misheni ya Wakatoliki, ngome ya zamani, na ile ofisi ya Wajerumani inayobomoka. Dereva, mtu wa makamo aliyenizidi umri kidogo, alibaki kila mahali kivulini karibu na gari. Wakati wageni wakila samaki ufukweni nilimfuata.

"Kaka, umeshakula?"

"Nitakula tukirudi mjini, Dokta. Posho nimeiacha nyumbani asubuhi, watoto wana mitihani."

Nilimwagizia chakula, akashukuru, akala akiwa amesimama. Nikamuuliza jana alifika kwake saa ngapi. Alikuwa amewarudisha wageni hotelini saa nne usiku, akapeleka gari kwa tajiri Tabata kwa sababu halilali kwake, akapanda daladala ya mwisho kwenda Mbagala, akaamka saa tisa kulifuata gari. Alilala saa mbili na nusu. Alinieleza bila lawama yoyote, kama mtu anayeeleza ratiba ya treni. Hana mkataba wa maandishi. Amemwendeshea tajiri yule kwa miaka sita.

Sasa tusome sheria, kwa sababu ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa tisa kwa siku na saa 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mfanyakazi ana haki ya mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na ya kupewa maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Atakayesema kwamba dereva huyu si mwajiriwa bali ni "mtu wa makubaliano" asome kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo, kinachomhesabu mtu kuwa mwajiriwa iwapo, pamoja na mambo mengine, namna yake ya kufanya kazi na saa zake zinaamuliwa na mwingine. Madereva wenyewe hawakukaa kimya. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, Ubungo ikajaa abiria waliokwama, na miongoni mwa madai yao makubwa ilikuwa mikataba ya ajira. Wa mabasi angalau wana kituo cha kukutania. Wa magari ya kukodi hukutana vivulini, wawili wawili, wakisubiri watu wengine watalii.

Programu za simu zilipoingia mwaka 2016, wapo waliotumaini kwamba zingemkomboa dereva kutoka kwa tajiri. Zilichofanya ni kumwongezea tajiri wa pili, asiye na sura. LATRA ilipoweka ukomo wa asilimia 15 katika kamisheni ya kampuni hizo mwaka 2022, Uber ilisitisha huduma Aprili mwaka huo. Ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25, na kampuni ikarejea. Nalitaja tukio hili kwa sababu linathibitisha kwamba dola, ikitaka, inaweza kuingia kati ya mwenye chombo na anayekiendesha. Ilifanya hivyo kwa kampuni ya kigeni. Kwa matajiri wa hapa nyumbani, ambao wengi wao wanakaa katika ofisi hizo hizo za umma na katika vyumba vya wahadhiri, ujasiri umekuwa haba.

Serikali na vyuo ni miongoni mwa wakodishiwa wakubwa wa magari katika mji huu: semina, utafiti wa uwandani, ugeni, makongamano. Hati za zabuni hutaja mwaka wa gari, ukubwa wa injini, bima kubwa na kiyoyozi. Kuhusu dereva husema awe na leseni ya daraja C na uzoefu. Hakuna kinachomzuia ofisa ununuzi kuongeza mistari mitatu: mkataba wa ajira wa dereva uambatishwe, saa zake za kazi zisizidi za sheria, na gharama ya malazi yake safarini iandikwe peke yake na alipwe yeye mwenyewe. Tumefanya hivyo katika mradi mmoja mdogo wa idara yetu. Kati ya wakodishaji watano waliotuma bei, wawili walijitoa. Watatu waliobaki waliuliza mkataba wa dereva unaandikwaje, tukawapa mfano.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wameanza kukusanya simulizi za madereva wa zamani wa teksi na magari ya kukodi wa Mnazi Mmoja, Gerezani na mtaa wa Msimbazi, hasa walioanza kazi kabla ya 1984. Tunatafuta pia karatasi: leseni za zamani, madaftari ya hesabu, stakabadhi za DMT na UDA, vibali vya kutembea Jumapili. Kama baba au babu yako aliendesha, na sanduku lake bado liko uvunguni, usilichome. Tuandikie, tutakuja kulinakili hapo hapo nyumbani na kukuachia.